Shubaka la Uani kwa Ockenden

Nyumba ya watawa ya Wenlow haikubomolewa. Iligawanywa. Mfalme mmoja mnene alipokorofishana na Papa kwa ajili ya mwanamke, akawafukuza watawa nchi nzima na kuyeyusha madini ya risasi yaliyoezekwa mapaa yao, wazee wetu wa hapa mjini, watu wacha Mungu kabisa, walisubiri siku chache kwa heshima kisha wakaja na mikokoteni. Hadi leo ukitaka kuiona nyumba ile ya Mungu, itakubidi uizungukie vipande vipande. Nguzo moja inashikilia dari ya duka la chipsi. Malaika wawili wenye pua zilizokatika wanabeba mfereji wa mvua wa duka la kamari, na nyuso zao ni kama wao ndio walioliwa pesa. Dirisha la mashariki, lile ambalo jua la asubuhi liliingilia na kuangukia altare, liko kwenye choo cha wanaume pale baa ya Kondoo Mweusi, na wapo wazee mjini ambao ibada yao pekee ya mwaka mzima huifanyia hapo, wameinua macho.

Kipande kikubwa kuliko vyote kiko uani kwa Wilfred Ockenden, kati ya banda la baiskeli na kamba ya nguo. Ni ukuta wa mawe wenye urefu wa kupita nyumba yenyewe, hauna paa, hauna mwenzake, umesimama tu kama mgeni aliyeambiwa asubiri na hakuna aliyerudi kumwita. Serikali inaulinda. Kuna sheria juu yake: hutaukwarua, hutaugongomea msumari, hutaupaka kitu. Kwa chini, usawa wa kifua cha mtu, kuna shubaka, tundu lisilopenya ukuta, lililochongwa kwa ustadi, lenye upinde mdogo juu na kitundu sakafuni mwake. Hapo ndipo watawa walipokuwa wakioshea vikombe vya ibada, na maji yakirudi ardhini bila kukanyagwa na mtu.

Wilf alikuwa mtunzaji wa shule ya msingi ya hapa maisha yake yote ya kazi. Mrefu, mwembamba, mabega yameinama kwa kupita kwenye milango iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Alizibua mabomba, alimwaga maranda ya mbao juu ya matapishi, aliziba nyufa za ukuta wa uwanja wa michezo kila mtoto alipouchokonoa kutafuta konokono. Ukimshukuru alisema, "Usijali, nimezoea." Kilikuwa kilema chake hicho. Hajui kukataa. Ngazi yake aliiazima Bwana fulani wa mtaa wa pili na haikurudi. Vijana wa madirisha walimgongea mlango wakamuuzia madirisha, na mwaka uliofuata wakaja wakamuuzia mengine, akayaweka juu ya yale yale. Kila Krismasi alivaa ndevu za pamba na kugawa zawadi shuleni, ingawa pamba ilimwasha hadi akatoka vipele shingoni, kwa sababu mwaka wa kwanza aliombwa na hakujua jinsi ya kusema ametosheka.

Enid, mkewe, ndiye aliyekuwa "hapana" ya nyumba ile. Mfupi, mpana, sauti ya kuita meli, aliuza mikate kaunta ya mbele ya duka la Sokoni. Mtu wa madirisha alipokuja mara ya tatu, Enid ndiye aliyefungua mlango. Hakuja mara ya nne.

Jioni Enid akitoka kazini alitoa kigoda uani, akaweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, na vitu vyake vyote akavipanga katika shubaka: redio, kikombe cha chai, chungu cha maua mekundu. Sisi majirani tulimsikia juu ya ua.

"Watawa waliweka vikombe vyao hapa, Wilf. Na mimi naweka changu. Tofauti iko wapi?"

"Wao walinyamaza, mpenzi."

"Ndiyo maana walifukuzwa. Hakuna aliyewasikia wakibisha. Leta sukari."

Alipougua, aliugua upesi. Wilf alikuwa akienda hospitali na kurudi kwa basi, na kila siku akirudi alimwagilia maua ya shubakani kwanza, ndipo akavua koti. Mambo waliyoongea siku za mwisho yalitufikia kupitia kwa muuguzi, ambaye ni mpwa wa mtu wa mtaani, na hapa Wenlow jambo likishafika kwa mpwa wa mtu limefika.

"Usinipeleke kule makaburini barabara ya mzunguko," Enid alimwambia. "Kuna duka la matairi mlangoni. Sitalala."

"Nikupeleke wapi sasa?"

"Unajua wapi."

"Enid. Ule ukuta ni wa serikali."

"Serikali haijawahi kuja kumwagilia maua."

Tulimwimbia nyimbo zake mbili kanisani, tukamsindikiza hadi kule wanakochoma maiti na kurudisha majivu, tukala sandwichi za tango na nyama ya kopo. Bi Rosalind Cheverton, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Wilf miaka yote ile, alimshika mkono mlangoni akamuuliza Enid atalazwa wapi. Wilf akasema, "Karibu." Bi Cheverton akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kutafuta koti lake.

Kisha asubuhi moja, mvua ilikuwa imeacha na jua limetoka, tukamwona Wilf uani na ndoo ya chokaa na mwiko wake wa shule. Alilitia kopo la chai, lile la bati lenye picha ya tembo walilonunua kwenye fungate, ndani ya shubaka. Akakaa nalo kidogo. Kisha akaanza kupanga mawe, moja moja, akipangusa kila kiungo kwa kidole kama mtu anayempangusa mtoto mdomo. Alipomaliza aliweka chungu cha maua kwenye kizingiti na kuingia ndani. Alidhani hakuna aliyemwona. Mtaa wetu una mapazia mepesi kila dirisha na nyuma ya kila pazia kuna mtu, lakini hakuna aliyesema neno, si siku ile wala baadaye. Nitasema hili tu kwa ajili ya mtaa wetu, ambao kwa mengine sina sifa za kuupa: jua lilikuwa kali, na siku ile hakuna aliyetoka nje kuanika nguo.

*

Mwaka wa pili baada ya hapo, Bi Cheverton akapiga hodi. Alikuwa amestaafu kuongoza watoto na sasa anaongoza Chama cha Historia ya Mji, kazi ile ile ila wanachama wanasinzia zaidi. Alikuwa mwanamke aliyenyooka, nywele za chuma, aliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kosa la kusema uongo juu ya kioo cha dirisha alichovunja. Kioo chenyewe alisamehe. Katika miaka yote aliyofanya kazi na Wilf hakuwa amewahi kukanyaga uani kwake. Ukuta aliutazama kwa mbali, kutoka kwenye kichochoro cha nyuma, kama wasomi wote wa mji.

Wilf akampa kiti kizuri.

"Bwana Ockenden, sitaki kukusumbua."

"Hunisumbui hata kidogo, Mwalimu."

"Ukiona ni usumbufu, utasema."

"Wala."

"Ni lile shubaka lako. Limezibwa. Tumepata mchoro wa kasisi mmoja wa zamani, limechorwa likiwa wazi, na kitundu chake chini. Ni kitu cha thamani kuliko vyote tulivyobakiwa navyo, na kimefichwa nyuma ya mawe! Tungependa kulifungua Siku ya Milango Wazi, watu wote wakija kutazama majengo ya kale. Kibali nimekiombea mwenyewe. Na fundi mawe tunaye, msichana mzuri sana, anaitwa Tamsin, ana mikono mepesi. Wewe waonaje?"

Biskuti ya Wilf ilikuwa ndani ya chai. Ilikatika, ikazama. Akaitazama ilipozamia.

"Wazo zuri sana," akasema.

"Huna pingamizi?"

"Hata kidogo, Mwalimu."

Na hivyo ndivyo alivyomtoa mke wake. Hakuna aliyemshika koo. Bibi mmoja mstaafu alimuuliza kwa adabu, naye akajibu kwa adabu, kama tulivyolelewa sote katika nchi hii, ambayo ungeweza kuiteka bila risasi endapo ungeanza kwa kusema samahani.

Purkiss, kinyozi, rafiki yake tangu ujana, alimkuta pale baa ya Kondoo Mweusi ameshika glasi bila kunywa.

"Umesemaje?"

"Nimesema ni wazo zuri."

"Wilf, wewe ni mbuzi."

"Najua."

"Mbuzi hata angepiga kelele." Purkiss akainamia bia yake, akaongea nayo badala ya kuongea na mwenzake. "Mimi sijui kwa nini hutaki wafungue. Sijui na sitaki kujua. Lakini kama hutaki, neno ni moja. Haya, tufanye mazoezi. Mimi ndiye Cheverton." Akanyoosha shingo, akabana midomo. "'Bwana Ockenden, naweza kubomoa ukuta wako?'"

Wilf akafikiri. "Ukipenda."

"Hapana, bwana wee! Tena. 'Bwana Ockenden, naweza kulala kitandani kwako na viatu?'"

"Viatu gani?"

Baa ikaanza kucheka. Wengine wakavuta viti.

"'Bwana Ockenden,'" Purkiss akapaza sauti, "'naweza kukukata kichwa nikakitundike sokoni siku ya mnada?'"

"Kama hakuna mwingine," akasema Wilf.

Watu walicheka hadi mwenye baa akafuta macho kwa kitambaa cha glasi. Wilf naye alitabasamu, kwa sababu waliotazama walitarajia atabasamu. Kisha akaweka glasi mezani.

"Mwenye kusema alikuwa Enid," akasema.

Mtu mmoja akaenda chooni, kwenye lile dirisha, akakaa huko muda mrefu.

Angeweza kumwandikia Bi Cheverton. Angeweza kujisingizia ugonjwa. Tulimngoja afanye chochote, kila mtu nyuma ya pazia lake, na wala hatukuvuka barabara kumsaidia, maana kumsaidia kungekuwa kukiri kwamba tulichungulia. Yeye aliogopa mambo mawili na tuliyajua yote mawili. La kwanza, kwamba akisema sababu, Bi Cheverton, mtu wa sheria, atalazimika kupeleka habari kwa wakubwa wa majengo ya kale, na Enid atatolewa kwa barua yenye muhuri. La pili, kwamba asiposema, atatolewa kwa tindo, mbele ya watu walioshika keki.

Siku ya Milango Wazi kulinyesha, kama kawaida yake. Chama walisimamisha hema uani, wakaleta mtungi wa chai na bango. Watu wakaja na makoti ya mvua, wakakanyaga nyasi za Enid, wakasema "ajabu kweli" kwa sauti ya chini mbele ya ukuta. Tamsin alikuwa msichana mwenye nywele zilizofungwa kitambaa na vumbi kwenye nyusi. Aliinua chungu cha maua mekundu akakiweka chini, karibu na mfereji. Akafungua mkoba wa vyombo vyake.

"Chai kwanza," akasema Wilf.

Akamletea chai. Alipomaliza, akamletea nyingine. Alipokuwa akimimina ya tatu, Tamsin akaomba aonyeshwe choo, na alipotoka alikataa ya nne kwa mikono miwili.

"Bwana Ockenden, ukinipa tena nitaelea."

"Keki basi?"

"Nikimaliza, babu."

Akaweka tindo kwenye kiungo. Akagonga. Sauti yake haikuwa kubwa, ilikuwa kama mtu anayegonga mlango kwa kucha. Chokaa kidogo ikaanguka. Wilf alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na sinia la vikombe, na tulimwona uso ukimshuka.

Tamsin akagonga tena, kisha akasita. Akasugua ile chokaa kwa vidole. "Ajabu," akasema. "Kazi nzuri hii. Lakini chokaa yenyewe bado ni laini. Bi Cheverton, njoo uitazame, sidhani kama hii ni—"

"Hapana," akasema Wilf.

Aliisema ndogo mno. Mvua iliimeza. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye alidhani anakataa sukari.

Wilf akainama, akaweka sinia juu ya nyasi, polepole, kikombe kisitikisike. Akatembea kupita katikati ya wanachama wa Chama bila kuomba samahani, jambo ambalo lenyewe liliwafanya wageuke.

"Hapana, Mwalimu."

"Samahani?" akasema Bi Cheverton.

"Nimesema hapana. Asifungue."

"Lakini Bwana Ockenden, ulikubali."

"Nilikubali. Sasa nakataa."

Watu walitazama viatu vyao. Wengine walitazama keki, ambayo haikuwa na la kusema.

"Kuna sababu?" akauliza Bi Cheverton, si kwa ukali. Alikuwa mtu wa haki, alimpa nafasi.

Wilf akafungua mdomo. Tulikuwa tumesogea hadi kwenye ua sote, hata wale ambao hawapendi historia. Kisha akamgeukia Tamsin.

"Hicho chungu ni cha mke wangu," akasema. "Kirudishe pale kilipokuwa. Humwagiliwa pale."

Bi Cheverton akakitazama chungu. Akaitazama chokaa kwenye vidole vya Tamsin, na viungo vya mawe vilivyopanguswa kwa kidole, kidole alichokijua: kilikuwa kimepangusa kila ufa wa ukuta wa shule yake. Mwishowe akamtazama Wilf, na nadhani alikumbuka mlango wa kanisa, na lile neno moja alilojibiwa.

Nimesema alikuwa mtu aliyemrudisha mtoto nyumbani kwa uongo. Sasa alirekebisha skafu yake, akawageukia wanachama, na akasema kwa sauti ile ya gwaride la asubuhi:

"Mabibi na mabwana, kosa ni langu. Nimetazama kwa karibu. Uzibaji huu ni wa zamani. Wa zamani sana. Si ajabu ni wa watawa wenyewe. Haufai kuguswa."

"Lakini Bi Cheverton," akasema Tamsin, "hii chokaa haijafika hata—"

"Tamsin."

Alilitamka jina tu. Watu wazima wote uani pale, wenye madeni na wajukuu, walinyoosha migongo.

"Ulichotoa," akasema Bi Cheverton, "kirudishe."

Tamsin alikuwa na mikono mepesi, na kichwa chepesi pia. Akaichanganya chokaa yake, akakirudisha kilichotoka, akapangusa kiungo kwa kidole. Kisha akaweka chungu kwenye kizingiti, akageuza upande wenye maua mengi utazame watu. Bi Cheverton akainua sinia kutoka kwenye nyasi, mwenyewe, akampa Wilf kikombe. Walikunywa chai iliyoingia mvua hadi ikaisha.

Mwezi uliofuata Chama kikaweka kibao kichochoroni. Kinasema kwamba shubaka hili ni la kuoshea vyombo vya ibada, na kwamba limezibwa, na kwamba nani aliliziba na kwa nini, haijulikani. Wilf alikisoma akiwa na kofia mkononi. Purkiss alikuwa pembeni yake.

"Haijulikani," akasema Purkiss.

"Ndivyo wanavyosema," akasema Wilf.

Alianza kukataa baada ya hapo, lakini kwa kiasi, kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli uzeeni. Alikataa ndevu za pamba. Alikataa bima ya mbwa, kwa sababu hakuwa na mbwa, ambayo zamani haikuwa sababu ya kutosha. Kila jioni isiyo na mvua alitoa kigoda na beseni, akawasha redio na kuiweka chini ya chungu, kwa sauti ya juu kuliko alivyoipenda yeye.

Alikufa msimu ule majani yanapoanguka, akiwa usingizini, hakumsumbua mtu. Hawakuwa na mtoto. Purkiss ndiye aliyekwenda kuchukua majivu. Na asubuhi moja, mvua imeacha, jua limetoka, tukaona kwenye ua ule mambo ambayo hatukuyaona. Ngazi ilikuwa imerudi: Bwana wa mtaa wa pili aliileta mwenyewe, akaiegemeza ukutani ingawa hakuna aliyeihitaji, akavua kofia akaondoka. Purkiss alikuwa ameshika kopo. Na Bi Cheverton, katika mabuti ya mpira, alikuwa amesimama mbele ya shubaka, anatoa jiwe la juu kwa tindo la kuazima, polepole na vibaya, akijikata vidole, maana mtu huyu alikuwa hajawahi kuziba hata ufa. Kulitoa, kuingiza kopo kando ya lile la tembo na kuziba tena kulimchukua hadi adhuhuri. Jumapili kanisani, alipopokea mkate, kasisi aliona chokaa chini ya kucha zake akadhani ni unga.

Nguo hatukuanika.

Sasa nyumba ina watu wengine, mume na mke kutoka mji mkubwa. Kabla hawajafungua masanduku, Bi Cheverton alishawapelekea keki na kuwaeleza, bila kuwaeleza, kwamba kile chungu humwagiliwa. Wanakimwagilia. Na majuzi alikuja kijana wa majengo ya kale, na kamera na mwavuli, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, akauliza mtaani kama kuna anayejua lile jiwe la juu, kiungo chake mbona ni cheupe kuliko vingine, tena kimezibwa kwa mkono wa mtu asiyejua kazi.

Tulimwambia hatujui. Tukamkaribisha ndani, tukampa chai.